Risasi Kuingia Si Ruhusa ya Kufyatua

Leo naomba mnisikilize kwa utulivu, maana nazungumzia chombo ambacho wengi wetu hatukimiliki wala hatutarajii kukimiliki, lakini tunakiona kiunoni mwa askari, tunakiona mlangoni mwa benki, tunakiona kwenye filamu, na mara nyingine kinakutwa ndani ya sanduku la marehemu babu. Nazungumzia bastola. Na katika bastola nachukua jambo moja tu: watu kuichukua bastola iliyoundwa kwa ajili ya risasi fulani, wakaigeuza ili ipige risasi nyingine yenye nguvu zaidi.

Swali langu la leo ni hili, nami nitalirudia: risasi ikiingia vizuri kwenye tundu la bastola, je, hiyo inatosha kuonyesha kwamba bastola ile iliundwa kwa risasi ile? Wengi hujibu upesi: ndiyo, kama si yake ingeingiaje? Jibu hilo la upesi limewatia watu kilema. Ndiyo maana nimeona tulizungumze polepole, hatua kwa hatua, bila haraka.

Tuanze ndani ya bastola yenyewe. Unapofyatua, kinatokea nini?

Risasi nzima, kabla haijapigwa, ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Ndani ya ganda kuna baruti. Kwenye kitako cha ganda kuna fataki. Na mdomoni mwa ganda kuna kichwa, hicho kinachoruka. Ukivuta triga, fataki inagongwa, inatoa cheche, baruti inawaka na kugeuka gesi moto kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Sasa sikiliza vizuri hapa. Gesi ile haichagui upande. Inasukuma mbele, inasukuma nyuma, inasukuma pembeni, kwa nguvu ileile. Kichwa kinatoka mbele kwa sababu tu huko ndiko kuna njia. Na ganda la shaba, ambalo ni jembamba, haliwezi peke yake kuizuia presha ile. Linatanuka na kujibana kwenye kuta za tundu. Anayebeba mzigo wote ni chuma cha bastola.

Kwenye rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, jambo hili ni nyeti zaidi. Silinda ina matundu, mara nyingi sita. Kila tundu linapotobolewa, chuma kinapungua. Ukuta unaobaki kati ya tundu na nje ya silinda ni mwembamba, na mkono wa mpigaji na uso wake viko karibu sana na ukuta huo. Ukijaza tyubu ya baiskeli upepo wa tairi la lori, hatulaumu tyubu ikipasuka. Ilitengenezwa kwa kazi yake, na kazi yake haikuwa ile.

Basi kwa nini watu walitaka kuongeza nguvu? Tamaa hiyo ni ya zamani. Mwaka 1847, wakati wa vita kati ya Marekani na Mexico, Samuel Colt alitengeneza rivolva kubwa aliyoibuni pamoja na Kapteni Samuel Walker. Ilikuwa na uzito wa kama kilo mbili, na silinda yake ilimeza baruti nyingi kuliko rivolva yoyote iliyoitangulia. Askari waliipenda. Lakini chuma cha siku zile hakikuweza kustahimili mzigo ule, na silinda nyingi zilipasuka mikononi mwa wapigaji. Colt alifanya nini? Mwaka uliofuata alitoa rivolva nyingine, yenye silinda fupi zaidi na nafasi ndogo zaidi ya baruti. Alipunguza. Fundi aliyekuwa na jina la kulinda na biashara ya kukuza alikubali kwamba chuma chake kimefika mwisho, akarudi nyuma hatua moja. Mimi namheshimu kwa hilo.

Kisha, mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi. Kwa wenye bastola, uvumbuzi huo ulileta neema, ukaleta na hatari ambayo wengi hawakuitambua mapema. Baruti ya zamani, ile nyeusi, ilihitaji nafasi kubwa. Ganda likishajaa, limejaa, na hapo ndipo mwisho wa nguvu. Baruti mpya ilihitaji nafasi ndogo tu kufanya kazi ileile. Kwa hiyo yale maganda marefu yaliyobuniwa zama za baruti nyeusi yakabaki na nafasi tupu ndani. Nafasi ile tupu ikawa kishawishi. Mtu anaangalia ganda lake, anaona bado kuna mahali pa kuongeza, anajiuliza: kwa nini nisiongeze? Tangu hapo kikomo hakikuwa tena ukubwa wa ganda. Kikomo kikawa uimara wa chuma, na uimara wa chuma hauonekani kwa macho.

Narudia, msikilizaji: uimara wa chuma hauonekani kwa macho.

Hapa ndipo anapoingia mtu mmoja ambaye jina lake halikosekani katika habari hizi: Elmer Keith. Alizaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Missouri, akakulia na kufanya kazi huko magharibi mwa Marekani, Montana na Idaho. Alikuwa mchunga ng'ombe, mwindaji, kiongozi wa safari za uwindaji, baadaye mwandishi mashuhuri wa mambo ya silaha. Alikuwa mtu wa kupanda farasi milimani, na kwa mtu wa namna hiyo bastola kiunoni ilikuwa chombo cha kazi. Farasi akimwangusha na kumburuta, au mnyama aliyejeruhiwa akimgeukia, bunduki ndefu iko mbali na bastola iko karibu. Kwa hiyo alitaka bastola yenye nguvu. Haja yake ilikuwa haja ya kweli, na tusimdharau kwa hilo.

Keith alikuwa akijijazia risasi mwenyewe. Tarehe 4 Julai 1925, siku ya uhuru wa Marekani, alitoa rivolva yake ya Colt, ile inayopiga risasi ya .45, namba inayotaja takriban upana wa risasi kwa inchi, afyatue kusherehekea. Risasi alizozitia alikuwa amezitengeneza kwa vichwa vizito kuliko vya kawaida, vichwa vilivyokusudiwa bunduki. Ziliingia? Ziliingia bila shida. Alipofyatua, nusu ya juu ya silinda ilipasuka na kuruka, pamoja na utepe wa chuma unaopita juu yake. Alinusurika, na aliandika wazi yaliyompata kwenye jarida la wapiga shabaha wa nchi yake, ili wengine wasome.

Lakini kinachonivutia mimi ni alichofanya baadaye. Keith alikaa akafikiri kuhusu chuma. Aligundua kwamba silinda ya rivolva ile ya .45 ina ukubwa uleule wa nje na ile ya .44. Tofauti iko ndani: tundu la .44 ni dogo kidogo, kwa hiyo ukuta uliobaki ni mnene kidogo. Akaiacha .45, akahamia kwenye .44 Special, na kwa takriban miaka 30 akawa anawasihi watengenezaji watoe risasi ya .44 yenye nguvu, pamoja na rivolva iliyoundwa kuibeba. Zingatia maneno hayo mawili: risasi, pamoja na rivolva. Alishajua kwamba moja bila nyingine ni maafa.

Tutafika kwenye mwisho wa ombi lake. Kwanza tupitie kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mazungumzo ya leo.

Miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa 1930, polisi wa Marekani walikuwa na malalamiko. Wahalifu wa zama za marufuku ya pombe walitembea kwa magari, na wengine walivaa fulana za kujikinga. Risasi ya kawaida ya polisi, .38 Special, ilikuwa mara nyingi inakwama kwenye bati la gari. Mwaka 1930 kampuni ya Smith & Wesson ikatoa rivolva mpya nzito. Ilitumia fremu kubwa, ile ya .44, lakini matundu yake yalikuwa ya .38. Risasi zake zilijazwa kwa nguvu zaidi na zikaitwa .38-44. Wazo zuri, sivyo? Chuma kingi, tundu dogo, ukuta mnene. Polisi wakaridhika.

Lakini kulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilikuwa kwenye risasi. Ganda la .38-44 lilikuwa na urefu uleule na upana uleule wa .38 Special ya kawaida. Maana yake nini? Maana yake risasi ile yenye nguvu iliweza kuingia, vizuri kabisa, kwenye rivolva yoyote ndogo ya .38 Special, hata ya zamani, hata nyepesi, hata iliyochakaa. Kilichomlinda mtu asikosee kilikuwa maandishi tu juu ya boksi. Na ninyi mnajua, wasikilizaji, boksi hutupwa. Risasi hubaki mfukoni, kwenye droo, kwenye mkoba, bila maelezo yoyote. Mwaka mmoja baadaye nani atakumbuka zilitoka boksi gani?

Mwaka 1935 wakalirekebisha hilo. Smith & Wesson pamoja na kampuni ya Winchester walitoa risasi mpya, .357 Magnum. Waliohangaika nayo zaidi ni Douglas Wesson wa kampuni ile na mwandishi Philip Sharpe. Rivolva ya kwanza ilipelekwa kwa mkuu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, J. Edgar Hoover. Nguvu yake ilisifiwa kote, na Wesson mwenyewe akaenda nayo porini kuwinda wanyama wakubwa ili kuonyesha inachoweza. Watu wengi wakizungumzia .357 wanazungumzia nguvu hiyo. Mimi naomba tuzungumzie kitu kingine, kidogo sana kwa kipimo, kikubwa sana kwa maana.

Ganda la .357 lilirefushwa. Lilirefushwa kwa kama milimita tatu tu kuliko .38 Special. Upana ni uleule, ingawa namba za majina zinatofautiana. Kwa nini basi walirefushe, ilhali tumeshaona kwamba ganda la zamani lilikuwa na nafasi tupu? Hawakuhitaji nafasi ya baruti. Walirefusha ili risasi mpya isiweze kuingia hadi mwisho kwenye rivolva ya zamani. Ukijaribu kuitia, inachungulia nje, silinda haifungi, na bastola haiwezi kupiga. Lakini kinyume chake kinawezekana: risasi dhaifu ya .38 Special inaingia kwenye rivolva imara ya .357 na kupigwa kwa usalama. Imara inampokea dhaifu. Dhaifu inamkataa mwenye nguvu.

Fikiria, msikilizaji. Presha ya .357 ni takriban mara mbili ya .38 Special. Mara mbili. Na kinachozuia mtu asiyejua, au aliyelewa, au aliye gizani, au mtoto aliyeokota, asiitumbukize kwenye bastola isiyoiweza, ni zile milimita tatu za shaba. Hakuna kibao, hakuna semina, hakuna onyo la kusoma. Chombo chenyewe kinakataa. Nadhani hii ni moja ya kazi za uhandisi zilizofikiriwa kwa huruma zaidi katika historia nzima ya silaha, na wengi hawaijui.

Na sasa, ule mwisho wa ombi la Elmer Keith. Mwishoni mwa mwaka 1955 Smith & Wesson na kampuni ya Remington walitoa .44 Magnum. Walifuata njia ileile: ganda la .44 Special likarefushwa kidogo, rivolva mpya ikaundwa kwa chuma kilichoandaliwa kwa kazi hiyo. Keith alifurahi sana. Mwaka 1971 Clint Eastwood akaishika rivolva hiyo kwenye filamu ya Dirty Harry, na dunia nzima ikataka kuijua.

Haya, turudi kwenye swali letu. Kama watengenezaji wameweka kizuizi hicho cha milimita tatu, mtu anayegeuza bastola anafanya nini? Anakiondoa. Wako mafundi waliochukua rivolva za .38 Special wakazirefusha matundu ili zimeze .357. Kwa mtazamo wa mashine, kazi si kubwa. Chuma kidogo kinatolewa, risasi ndefu inaingia, silinda inafunga. Mwenye bastola anaifyatua mara ya kwanza, inapiga. Mara ya pili, inapiga. Anasema: mnaona? Wenye shaka walikuwa waoga tu.

Anachokosa kukijua ni kwamba chuma cha rivolva ya .357 si chuma kilekile cha ile nyingine, hata kama vipimo vinafanana. Kinapashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu ili kikaze bila kuwa chepesi kuvunjika. Huwezi kuliona hilo kwa macho, huwezi kulihisi kwa kidole. Isitoshe, chuma kikizidiwa hakipasuki lazima siku ileile. Kinaweza kuanza na ufa mwembamba usioonekana, ukaongezeka kidogo kila ukifyatua. Kwa hiyo mtu anayesema nimepiga mara nyingi na haikupasuka, hajathibitisha kwamba bastola yake ni salama. Huenda ameikaribisha tu siku ya kupasuka.

Sasa niwape kisa ambacho naona kina funzo zito kuliko vyote, kwa sababu wahusika wake hawakuwa wakitafuta nguvu. Ni kisa cha rivolva za Webley.

Webley ni rivolva ya Kiingereza, iliyotengenezwa Birmingham. Jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1887, na toleo lake lililoenea zaidi, la sita, likapokewa mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Maafisa wa Kiingereza waliibeba kila walikopigana, na hata huku kwetu Afrika Mashariki, katika ile kampeni ya miaka 1914 hadi 1918, ilikuwa viunoni mwao. Inafunguka kwa kukunjwa katikati, na maganda yaliyotumika yanatoka yote kwa pamoja. Risasi yake, .455, ni nene na nzito lakini inakwenda polepole, kwa presha ndogo. Bastola nzima ilipangwa kwa presha hiyo ndogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Webley nyingi zilizostaafu jeshini ziliuzwa Marekani kwa bei ya chini. Wamarekani wakazinunua. Lakini risasi za .455 zilikuwa adimu kwao na zilikuwa ghali. Kilichokuwa kimejaa kila duka ni risasi ya jeshi lao wenyewe, .45 ACP, iliyobuniwa na John Browning na kutumiwa na bastola yao ya mwaka 1911. Basi wafanyabiashara wakawa na wazo: wakakwangua chuma kidogo nyuma ya silinda ya Webley, ili risasi ya .45 ACP ikae, ikishikwa na vibanio vya chuma vyenye umbo la nusu mwezi. Webley nyingi sana ziligeuzwa hivyo, kiasi kwamba leo kuikuta moja Marekani ambayo haikukwanguliwa ni bahati.

Mnunuzi alifikiri amepata bastola ya bei nafuu inayotumia risasi za bei nafuu. Namba zenyewe zilimtuliza: .455 na .45, tofauti iko wapi? Kwa namba za upana, ile mpya hata inaonekana ndogo zaidi! Lakini namba hizo zinataja upana tu. Hazisemi lolote kuhusu presha. Na presha ya .45 ACP ni kubwa mno kuliko ya .455. Inafikia, na pengine kupita, kiwango cha zile risasi za majaribio ambazo Waingereza walitumia kuipima Webley kabla haijauzwa.

Hapa nisimame kidogo nieleze, maana ni muhimu. Uingereza kuna utaratibu wa tangu zamani wa kujaribu kila bunduki na bastola kabla ya kuuzwa. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipewa hati ya mfalme mwaka 1637. Birmingham wakapata nyumba yao ya majaribio kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, na bado ipo. Silaha hupigwa risasi iliyojazwa kwa makusudi kupita kiwango. Ikistahimili, inakaguliwa, kisha inagongwa muhuri kwenye chuma. Muhuri ule unasema: silaha hii, kwa risasi hii, imejaribiwa. Nchi kadhaa za Ulaya ziliunganisha taratibu zao mwaka 1914, hata muhuri wa nchi moja ukatambuliwa na nyingine. Marekani haina sheria ya namna hiyo. Huko viwango vinawekwa na chama cha watengenezaji wenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1926, na kila kiwanda kinajaribu silaha zake.

Sasa iangalie tena ile Webley iliyokwanguliwa. Kwenye silinda yake bado kuna muhuri wa Birmingham. Muhuri ni wa kweli. Mtu anauona, moyo unatulia. Lakini bastola ile iliyojaribiwa si hii tena, na risasi iliyojaribiwa si hii. Ile risasi ya majaribio ilikusudiwa kupigwa kiwandani, mbele ya wataalamu, ili bastola ithibitishwe kisha ipumzike kwenye risasi zake za kawaida maisha yake yote. Mwenye Webley iliyogeuzwa anaipa mtihani ule kila anapovuta triga. Silinda za namna hiyo zimepasuka, nyingine zimepata nyufa, na leo wajuzi wa Webley wanaonya kila mwenye nayo asitie .45 ACP ya kiwandani.

Na hakuna aliyetafuta nguvu, wasikilizaji! Walitafuta unafuu. Nguvu ilikuja yenyewe, bila kualikwa, kwa sababu waliangalia upana wa tundu wakasahau kuuliza habari za presha.

Linganisha na walivyofanya Wamarekani wenyewe mwaka 1917. Jeshi lao lilipokosa bastola za kutosha za aina ile ya mwaka 1911, liliziomba kampuni za Colt na Smith & Wesson zitengeneze rivolva zinazotumia risasi ileile ya .45 ACP. Viwanda vile vikatumia fremu zao kubwa, vikaunda silinda kwa ajili ya risasi ile tangu mwanzo, na vile vibanio vya nusu mwezi vikabuniwa wakati huo. Rivolva zile zilitumika kwa miongo mingi. Kibanio ni kilekile, risasi ni ileile. Tofauti ni kwamba moja iliundwa, nyingine ilikwanguliwa.

Mtu ataniuliza: lakini nguvu si ni jambo jema kwa anayejilinda? Swali zuri. Nitalijibu kwa mfano wa watu waliokuwa na fedha, mafundi na sababu nzito za kuitaka nguvu hiyo.

Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walipambana kwa risasi na majambazi wawili. Maofisa wawili waliuawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mmoja wa majambazi alipigwa mapema, risasi ya milimita 9 ikasimama kabla ya kufika moyoni, akaendelea kupigana na kuua. FBI wakasema: tunahitaji risasi kubwa zaidi. Wakachagua milimita 10, risasi kali kwelikweli. Lakini wengi wa maofisa wao walishindwa kuidhibiti, mkono ulirushwa mno, ikabidi ipunguzwe nguvu. Kutoka kwenye hiyo iliyopunguzwa ikazaliwa risasi fupi zaidi, .40, mwaka 1990, na polisi wa Marekani wakaikimbilia kwa wingi. Na mwisho wake? Katikati ya miaka ya 2010 FBI ikarudi kwenye milimita 9. Vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa, na maofisa walipiga kwa haraka na kwa shabaha nzuri zaidi wakiwa na risasi isiyorusha mkono. Walizunguka karibu miaka 30, wakarudi pale walipoanzia, wakiwa na maabara na viwanja vya mazoezi. Sasa fundi wa uchochoroni mwenye tupa na msumeno anakwenda wapi?

Tumalizie nyumbani. Kwetu bastola za kiraia ni chache na zina leseni, na sheria zetu, kama ile ya Tanzania ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, haziachi silaha ichezewe na kila mwenye karakana. Nchi za ukanda wetu zilikubaliana pia, kwenye Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, kwamba silaha ziwekewe alama. Lakini tusichanganye mambo: alama ile ni ya kujua silaha imetoka wapi na iko mikononi mwa nani. Haikuambii inahimili risasi gani. Kwa hilo unasoma maandishi ya kiwanda kwenye mtutu na kwenye silinda, na jina la risasi lazima lifanane lote, neno kwa neno, na lile lililo kwenye kitako cha ganda. Namba peke yake haitoshi. Mmeona wenyewe habari ya .45 na .455.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili. Kama una silaha kwa leseni, usikubali fundi yeyote akwambie kwamba ataifanya ipokee risasi kali zaidi. Mkatalie. Na kama mmefungua sanduku la mzee aliyefariki mkakuta rivolva ya zamani, msiijaribu, hata mara moja, hata porini, hata kama risasi zilizo kando yake zinaingia vizuri. Msiisafishe wala kuifungua. Iacheni palepale, waondoeni watoto, mpigieni simu au mfuateni mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu, mwelezeni mlichokiona, yeye atawaambia namna ya kuikabidhi.